Kura ya Koti

Juma lililopita nilialikwa Same kwenye mkutano wa tawi la chama cha mabwana shamba. Mashamba ya mkonge yamefungwa, wengi wamepunguzwa kazini, na ukumbini niliwakuta wanachama wanne tu. Kwenye kiti cha mbele lilitundikwa koti la kahawia.

"La nani?" nikamnong'oneza katibu, mama wa makamo.

"La mwenyekiti. Tulimzika kwao Mamba kabla ya masika."

Hoja ilikuwa moja: tawi lifungwe, wanachama wahamie tawi la Moshi. Wawili wakaafiki, wawili wakakataa. Kisha wote wakaligeukia koti. Mmoja wa waliotaka tawi lifungwe akavua kofia taratibu.

"Tunasubiri nini?" nikauliza.

"Mzee hakuwa ananyoosha mkono. Akikubali, anakohoa."

Tukasubiri. Mkono wa koti ukacheza kidogo kwa upepo.

Mtasema ni ujinga, siku hizi za soko huria chama kiendeshwe kwa kanuni. Hata mimi nilikwenda na maoni hayo hayo. Lakini vumbi la Same lilikuwa limenijaa kooni tangu stendi, na nilijiziba mdomo kwa leso nisikohoe, machozi yakinitoka, mpaka katibu aliposema, "Hajakubali. Tawi linaendelea."