Mbuzi wa Watu Sita

Mwalimu wetu wa darasa la nne, pale shule ya misheni Puge, alikuwa na imani mbili. Ya kwanza alibatizwa nayo. Ya pili aliipata chuoni Tabora, na hiyo ndiyo aliyotuchapia viboko: kwamba katika hesabu mtu ni mtu. Ukigawanya machungwa kumi na mawili kwa watu watatu, huulizi nani mkubwa wala nani ametoka ukoo gani. Kila mmoja manne, basi. Alichora alama ya usawa ubaoni, vijistari viwili vimelala, akatuambia, "Tazameni, hakuna aliye juu ya mwenzake." Nilitazama. Kimoja kilikuwa juu ya mwenzake, tena waziwazi, lakini fimbo ilikuwa mezani, nami nikaona vimelingana.

Nisiseme uongo, niliipenda sana imani hiyo ya pili. Nilizaliwa msichana katika nyumba ambamo kaka yangu alianza kula kabla yangu na kumaliza baada yangu, na sikuwa nimesikia mahali pengine popote ambapo fungu langu lingelingana na lake. Nusu, theluthi, robo, thumni: nilizikariri kama Salamu Maria. Wenzangu walilalamika kwamba hesabu za sehemu ni ngumu. Mimi niliona ugumu uko nyumbani, shuleni ni mteremko mtupu.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuzipenda. Darasa la nne ndilo lililokuwa mwisho wa shule yetu. Aliyetaka kuendelea alipaswa kwenda Tabora, shule ya bweni, na nafasi ya msichana kutoka kwetu ilikuwa moja tu. Anayeikosa anarudi kwenye karanga za mama yake, na karanga nilizijua vya kutosha. Nilikwisha kuamua kwamba nafasi ile ni yangu. Hata masista walinitazama kwa namna ya kuniaga.

Basi likaja jaribio la mwisho, la kuulizwa kwa mdomo mbele ya watu. Serikali iliyochukua nchi nzima bila kugawana na mtu ilikuwa imemtuma Mkaguzi kutoka Tabora aje apime kama watoto wa Puge wanajua kugawanya sawa. Alikuja kwa gari, na soksi zilizofika magotini, akafikia kwa karani wa baraza, ambako alipewa chai, mayai na kiti chenye mgongo. Wazazi walialikwa. Baba yangu alikuwa na kikohozi, kwa hiyo alikuja mjomba, kaka yake mama, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba huyo ndiye mkubwa kuliko wote waliokuja. Baba yake alikuwa nyampara wa wapagazi, mtu wa kuamua nani abebe nini na nani ale nini njia nzima ya kwenda Pwani, na mjomba alirithi cheo hicho ingawa misafara ilikwisha zamani na reli ndiyo iliyobeba mizigo. Alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele ya benchi la mbele.

Mkaguzi alizungumza Kiswahili safi mno, cha kitabuni, ikabidi mwalimu atueleze alichosema. Wavulana walitangulia. Kisha akaitwa binti wa karani, akaulizwa machungwa tisa kwa watoto watatu. Akafikiri, akasema matano. Mkaguzi akatabasamu, akamwambia afikiri tena, akasema mawili. Akaambiwa akae, amejitahidi. Moyo wangu ulifurahi vibaya sana.

Zamu yangu ilipofika, Mkaguzi aliweka machungwa pembeni. Nadhani walikuwa wameambiwa huko Tabora kwamba mtoto wa Kiafrika aulizwe mambo ya maisha yake. Laiti wangeniachia machungwa!

"Baba yako," alisema, "amechinja mbuzi. Nyama ni ratili ishirini na nne. Nyumbani mpo watu sita: baba, mama, bibi, mjomba, kaka yako na wewe. Igawanye."

Jibu lilikuwa nne. Nililijua kabla hajafunga mdomo. Mwalimu, aliyesimama nyuma yake, alikuwa tayari ameweka vidole vinne kifuani, anavichezesha kama mtu anayejikuna. Nikafungua mdomo niseme nne, na hapo ndipo nilipomwona mjomba ameinama mbele kwenye kigoda chake. Alikuwa anangoja kusikia nyama yake.

Ningemwambia nini? Kwamba yeye, ambaye kidari ni haki yake kila mbuzi anapochinjwa, mbele ya kijiji kizima, anapewa kipande sawasawa na cha mtoto wa dada yake aliyelowesha mkeka hadi juzi? Mtu aliyesema vile kwetu hakuwa amekosea hesabu, alikuwa amevunja undugu. Mama yangu angeuchukua msiba huo hadi kaburini. Nilitamani Mkaguzi aseme watu sita wowote, wasio na uso. Lakini yeye, kwa wema wake, alikuwa amewataja.

"Kidari chote ni cha mjomba," nikasema, "na mguu wa nyuma. Ini ni la bibi, kwa kuwa hana meno. Mguu mwingine na mbavu ni vya baba. Shingo ya mama. Kaka atapata mguu wa mbele."

"Na wewe?"

"Mimi utumbo."

"Ratili ngapi?"

"Utumbo haupimwi, Bwana."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mjomba alijiegemeza nyuma kwa raha, akakumbuka kwamba kigoda hakina mgongo. Vidole vya mwalimu vilishuka kimoja kimoja. Mkaguzi aliniuliza, polepole, kama anayesema na kiziwi, kwa nini sikugawanya sawa. Nikamjibu kwamba nimegawanya sawasawa kabisa, kila mtu amepata kilicho chake. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alimgeukia mwalimu akasema, nasi sote tukasikia, kwamba bado watu hawa hawawezi kuelewa kwamba namba haijali wewe ni nani.

Adhuhuri wakasoma majina ya waliopata. Wavulana waliopata walikuwa mmoja wa nyumba ya mtemi, mmoja wa katekista, na mmoja ambaye kwa kweli alijua hesabu, nadhani aliwaponyoka. Nafasi ya msichana ilikwenda kwa binti wa karani. Machungwa yake matano na mawili yalionekana kuwa dalili ya akili inayochangamka. Mwalimu hakuniangalia. Alifuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Wamenikata kwa kuwa nilisema fungu linategemea mtu ni nani, kisha wakakaa wakagawa nafasi zao kwa kuangalia nani ni nani. Ningesema nne, huenda bado wangempa yule yule. Hilo silijui hadi leo, na bado linanichoma.

Mjomba hakunielewa hata kidogo. Alidhani nalia kwa furaha, au kwa jua. Kila tuliyekutana naye njiani alimsimamisha akamsimulia jinsi mtoto wa dada yake alivyomfundisha Mzungu kugawa nyama. Kwamba nimekosa shule alilisikia, akalipungia mkono kama nzi.

Tulipofika, alimwambia mama, "Dada, huyu umemlea. Leo hatuli mboga za majani." Akaagiza mbuzi achinjwe kwa heshima yangu. Mama alipiga vigelegele. Majirani wakaja, jibu langu likarudiwa neno kwa neno, na mjomba akashika kisu mwenyewe ili pasiwe na makosa. Kidari alikiweka upande wake. Ini likapelekwa kwa bibi. Kila mtu akapata chake, kisha mama akaniita kwa sauti ya upendo ambayo hakuwa na desturi ya kuitumia, akaniwekea bakuli la utumbo mapajani.

Kesho yake asubuhi nilishika jembe, nikamfuata mama shambani, kwenye karanga.