Kibibi Apimwa kwa Bakuli

Hili hamtaliamini, wala sitawalaumu. Hata mimi Abdulatif, niliyeacha shule darasa la sita kwa kuwa mwalimu alikuwa ameishiwa ya kunifundisha, sikuliamini. Mwenye kisa mwenyewe amekaa hapo anachagua mchele, ananisikia.

Mpwa wangu Kibibi ana bucha pale mtaa wa Majimbo, na fahali humpisha njia. Saratani ilipoingia titi la kushoto likakatwa, alirudi dukani mshono haujakauka, akapasua mifupa.

Lakini siku moja, mwaka ule tulipovua barakoa, alitetemeka.

Daktari Ndambiri alimwita hospitalini Embu mjini apimwe. Akadhani ni kupimwa damu. Kumbe daktari alilishika titi la kulia, lile lililobaki, akalibonyeza huku na huku, akamwambia muuguzi, "Kama nusu kilo hivi. Tuhakikishe."

Mkono ule Kibibi aliujua. Ni wake mwenyewe anapokwenda Mbeere kununua mbuzi: unabonyeza kiuno, unataja kilo. Na mbuzi aliyetajiwa kilo harudi zizini.

Ugonjwa umevuka, akawaza. Wanachukua na hili.

Muuguzi akaleta bakuli lililojaa maji hadi ukingoni, akaliweka juu ya sinia. "Mama Hidaya, inama, lizame lote."

Wanaliosha kabla ya kisu! Kibibi akarudi nyuma mpaka ukutani, leso kaikumbatia kifuani.

"Daktari, kama ni kukata, sema. Usinipapase kama mbuzi." Akazidi kuibana leso. "Mwanangu Hidaya alinyonya hili. Niachie hili."

Daktari akatikisa kichwa. "Mama, hilo ni zima. Hatulikati. Maji yatakayomwagika ndiyo kipimo chake, nijue kiasi cha nyama ya kutoa tumboni mwako nikutengenezee mwenzake, yalingane."

"Zima?"

"Zima kabisa."

"Sema tena."

Akasema tena. Ndipo Kibibi akainama, meno yanagongana, macho hayaiachi mikono ya daktari. Maji yakamwagika. Na msicheke, jamani: yalijaza sinia, yakafurika sakafuni, yakatoka mlangoni, wagonjwa wa foleni wakashika viatu mkononi, mpaka askari wa geti akaja mbio na—

"Mjomba! Hayakujaza hata jagi. Na wewe ulikuwa nje huko unakula mahindi yangu!"