Simenti Juu ya Kofia ya Baba

Mjomba wangu Mabruki alimzika baba yangu wakati baba yu hai, kisha akamwambia mtu wa ukoo wa baba kwamba baba hakuacha mtoto. Hilo la pili alilisema mbele yangu, nimeshika birika la chai.

Baba alikuwa Mzungu wa reli, jina lake Kalumu. Hakuwa bwana mkubwa. Alitengeneza vichwa vya treni kwenye karakana hapa Tabora, na mikono yake haikutakata grisi hata siku za sikukuu. Kwao ni kisiwa cha Waskoti, mahali penye upepo usioacha mti ukasimama, na vijana wake huondoka kwa meli kwenda kutafuta maisha. Mama yangu, Mwanne, alikuwa akisema, "Baba yako ni Mnyamwezi wa huko kwao." Alisilimu, shehe akawafungisha ndoa, nikazaliwa mimi, Siwema.

Kabla sijaanza kung'oa meno ya utoto, kazi zilipungua reli na baba akaachishwa. Alipanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta meli yenye kazi. Aliiacha kofia yake ya pama msumarini, akamwambia mama asiitoe, ataivaa siku akirudi.

Sasa sikiliza desturi ya kwetu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani na kurudi. Wapagazi wengi hawakurudi. Kwa hiyo wazee waliweka utaratibu: asiyerudi huzikwa kitu chake, mkeka au kibuyu chake cha maji, ili mkewe apate kulia na kumaliza. Lakini si kwa papara. Kwanza apatikane mwenzake wa safari aliyemwona akifa. Na kaburi lile haliwekwi hata jiwe, udongo mtupu, kwa sababu safari ni safari. Mtu akitokea siku moja, kaburi hufukuliwa, akapewa kitu chake, watu wakacheka hadi asubuhi.

Mjomba hakungoja shahidi. Lugembe wa Usoke, mwenye ng'ombe wengi, alimtaka mama. Mjomba akaichukua kofia msumarini, akaizika nyuma ya mihogo kule Itetemia, akatangaza kwamba Kalumu amekufa. Shehe alikataa kuja. Mama alisema, "Kaka, unazika kofia. Kichwa chake umekiona wapi?" Mjomba akamjibu kwamba mwanamke hali matumaini. Mama akapelekwa Usoke kwa Lugembe. Maisha yake yote kule alijiona mke wa watu wawili, na alimwogopa Mungu kwa jambo ambalo hakulitenda yeye. Alikufa mwaka uliofuata Uhuru. Siku za mwisho alikuwa akiuliza kama treni ya kutoka Dar imeshapita.

Mimi nilibaki kwa mjomba. Wageni waliambiwa mimi ni mtoto wa Mwarabu mmoja wa Nzega. Nikaolewa, nikalima tumbaku hukohuko Usoke, mume akafa bila ya sisi kupata mtoto. Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Walioezua paa langu walikuwa vijana niliowajua kwa majina. Wakaniambia nikajenge upya kijijini, mjane, mkono mtupu. Nikarudi Itetemia, kwa mtu yule yule, kwa kuwa sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wakati huo mjomba alikuwa balozi wa nyumba kumi na alikuwa akiutazamia uenyekiti wa tawi. Majukwaani aliwasema wakoloni mpaka povu likamtoka. Hakutaka watu wakumbuke kwamba dada yake aliolewa na Mzungu kwa pilau na dufu.

Siku moja Silasi, karani wa Chama, alikuja na mwanamke wa Kizungu wa rika langu. Nilipomwona nilishtuka. Alikuwa na pua yangu. Mikono yake ilijaa madoadoa, kama hii yangu. Mjomba akaniamuru nilete chai.

"Shikamoo mzee," alisema Silasi. "Mgeni anaitwa Flora. Baba yake na Bwana Kalumu wa reli ni tumbo moja. Anawatafuta watu wa kisiwa chao waliotawanyika ng'ambo. Kanada amekwisha kwenda. Anauliza, Kalumu alitoka hapa akaenda wapi?"

"Marahaba. Aende wapi?" alisema mjomba. "Yuko pale nyuma ya mihogo. Nilimzika mwenyewe."

Silasi akatafsiri. Yule mama akainamisha kichwa, akalia kimyakimya. Kisha akauliza neno.

"Anauliza, aliacha mke? Aliacha mtoto?"

"Mke alikufa. Mtoto hakuacha."

Nililiweka birika chini. "Mjomba! Mimi ni nani? Silasi, mwambie. Mwambie mimi ni Siwema binti Kalumu, ndugu yake nimesimama hapa!"

Silasi alimtazama mjomba. Mjomba hata hakupandisha sauti. "Mwambie anauliza kama mgeni ataongeza sukari."

Silasi akasema maneno yake. Yule mama akanigeukia, akanitabasamu kwa macho yenye machozi, akakiziba kikombe kwa kiganja.

Nilimshika mkono wa gauni. Wana wa mjomba wakanivuta hadi jikoni, nikamsikia mjomba akicheka kwa upole, "Asamehewe, operesheni ilimpunguza akili." Kupitia mwanya wa ukuta nilimwona yule mama akipiga magoti kwenye mihogo, anafunga udongo katika leso. Udongo wa kofia.

Aliacha fedha za kaburi. Simenti ilikuwa ya kibali siku hizo, wengine walikosa hata ya kuziba ufa, lakini mjomba aliipata upesi.

Yaliyobaki gizani niliyapata kwenye foleni ya unga, duka la ushirika. Silasi alikuwa akigawa. Jirani yangu Mwanahawa, ambaye hajui kunong'ona, alimwita, "Ee karani! Huo unga umefika wenyewe, au umeutafsiri?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Silasi akaona haya. Alinifuata nyuma ya duka.

"Dada Siwema, yule ni balozi. Ningefanyaje?"

"Ungetumia mdomo. Mgeni alisema nini kingine?"

Alijikuna shingo. "Alisema kwao walipata kadi kutoka Australia, kwa Kalumu mmoja mchunga kondoo. Ilifika baada ya Uhuru, muda mrefu baada ya... baada ya kofia. Alikuja kuuliza kama aliyetoka hapa ndiye huyo. Alipoonyeshwa kaburi akasema basi, wa Australia atakuwa mwingine. Kisiwani kwao jina moja huwa nalo watu wengi."

Basi alikuwa hai. Wakati mama anauliza treni, alikuwa hai. Njia ya kumfikia ilikuja hadi kwenye kibaraza chetu, ikanywa chai yangu, na uongo wa mjomba ukaifunga.

Nilijiandikisha kisomo cha watu wazima. Jina la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa ni la baba yangu, juu ya simenti, mahali ambapo hayupo.

Nimemwambia mjomba tulifukue kama desturi inavyotaka. Amesema kaburi la simenti halichezewi. Ni mwenyekiti sasa, na huwapeleka wageni wa Chama kuliona.

Sidai shamba wala ng'ombe wa mama. Silasi namdai lile neno alilolimeza: anakijua kisiwa, na kalamu anayo, amwandikie Flora kwamba mimi ni binti Kalumu, kwamba kaburini mna kofia tu, na Kalumu wa Australia ndiye. Na Mabruki ana deni la kushika sururu kwa mkono wake, mchana, watu wa Itetemia wakitazama, avunje ile simenti, aitoe kofia, anikabidhi mimi kwa jina la baba yangu.