Mita Mia Nne za Ziwa

Kamate Hippolyte alikuwa amefikisha miaka arobaini na mitatu bila kuwahi kuingia katika maji yanayopita magoti. Hakuona kama ni aibu. Alizaliwa kwenye vilima vya Butembo, ambako maji ni ya kuchota na kunawa, na alipohamia Bunia akiwa kijana, amebeba sanduku la spana za baba yake, alikuja kutengeneza baiskeli, si kuogelea. Karakana yake iko Nyakasanza, kibanda cha mbao chenye mlango wa bati. Bunia baiskeli tunaiita kinga, na kwa miaka zaidi ya ishirini kinga nyingi za mtaa ule zimepita mikononi mwake: za walimu, za wachuuzi wa mihogo, za vijana wanaobebesha makaa mpaka gurudumu linapinda kama sahani.

Mambo yalianza kwa Débora, fundi cherehani, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Miaka yote alikuwa akienda sokoni kwa kutambaa, mikono yake ameivalisha kandambili. Siku moja alimwomba Kamate amtengenezee chombo cha kumbeba. Kamate akachukua mifupa ya kinga mbili zilizochakaa, akaikata, akaichomelea upya iwe na magurudumu matatu, kisha akahamisha pedali kutoka chini na kuzipandisha mbele ya kifua ili zizungushwe kwa mikono. Débora alipanda, akazungusha, akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya nusu saa, vumbi usoni.

“Iko navuta kidogo ku kushoto,” alisema. “Lakini miye sitashuka tena.”

Kabla mwaka haujaisha watu ishirini na watatu walikuwa wameandikisha majina yao, kila mmoja akitaka kinga ya mikono kama ya Débora. Ufundi ulikuwepo na nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni vyuma.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, Nathanaël aliwaita watu kwenye ukumbi wa parokia. Nathanaël kazi yake ni kunyoosha viungo vya wagonjwa katika kituo cha afya, na ni mtu asiyejua kukaa kimya akiwa na wazo.

“Tutafanya triathlon,” alisema. “Michezo tatu, moja nyuma ya ingine, bila kupumzika. Kila mutu atafute batu ba kumuahidi vitu: tuyau, pneu, magodoro, rangi. Akifika ku mwisho, banatoa. Asipofika, hakuna kitu.”

Mabomba ya chuma, matairi na rangi, akaeleza, vitakwenda kwenye kinga za mikono, na magodoro kwenye wodi ya wazazi. Kutakuwa na kinga kilometa hamsini na kitu, kutoka Kasenyi mpaka mlango wa mji, halafu mbio za miguu kilometa tano mpaka uwanjani. Kamate alisikia neno kinga, akasikia mbio, moyo ukamdunda kama wa kijana. Alikuwa wa pili kuandika jina. Ndipo Nathanaël akageuza karatasi yake upande wa nyuma.

“Na ya kwanza kabisa, mu ziwa. Kuogelea quatre cents mètres.”

Kamate alisimama na kalamu mkononi, akitafuta namna ya kulifuta jina lake bila watu kuona. Lakini kutoka nyuma ya ukumbi sauti ya Débora ilishasikika: “Papa Kamate alisha kuandika.” Watu wakampigia makofi. Ukipigiwa makofi na ukumbi mzima utaanzia wapi kukataa?

Jioni ile mkewe, Scholastique, alimtazama juu ya sahani ya ugali.

“Weye, mutu ya Butembo,” alisema, “utajifunza kuogelea wapi? Mu beseni?”

Jambo la ajabu ni kwamba Kamate hakuwa na hofu, bado. Alikuwa na kitu kingine, kama mchwa wanaotembea ndani ya miguu, na kabla hajamaliza kula alikwisha kuinuka kwenda kukagua cheni ya kinga yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa tangu Pasaka.

Siku ya pili alikwenda kwa Fabrice, mfanyabiashara wa vyuma karibu na soko kuu. Fabrice alimsikiliza, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaweka ahadi yake mbele ya wateja watatu: Kamate akimaliza michezo yote mitatu, atampa tuyau za kutosha kinga kumi na mbili.

“Na nikimaliza mbili?”

“Triathlon ni tatu, Papa Kamate. Lete tatu.”

Kinga kumi na mbili. Kamate alitembea kurudi Nyakasanza akihesabu viungo vya kuchomelea kichwani, na watu waliomsalimu njiani hakuwasikia.

Mwalimu wa maji alimpata mahali asipotarajia. Mama Joséphine huuza samaki wa chumvi sokoni. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sauti ya chini. Alizaliwa Tchomia kando ya ziwa, na wenyeji wa huko husema alijua kuogelea kabla ya kujua kusali. Kamate alimweleza shida yake huku akijifanya anachagua samaki. Joséphine hakucheka.

“Kesho asubuhi, saa kumi na mbili,” alisema. “Ku étang ya Papa Evariste. Kuja na bidon moja, ifungwe muzuri.”

Papa Evariste ni mfugaji mwenye ng’ombe wachache na bwawa la samaki pembeni ya mji, upande wa Mudzipela. Alikubali kwa shingo upande. Alisimama ukingoni na fimbo yake, amevaa koti zito, macho yakiwa zaidi kwa tilapia wake kuliko kwa mwanafunzi.

Kamate aliingia na kaptula ya zamani. Tope lilipita kati ya vidole vyake, baridi ikampanda mpaka kwenye mbavu, na maji yalipofika kifuani alishindwa kuvuta pumzi.

“Kaa chini,” Joséphine alimwambia.

“Mu mai?”

“Mu mai. Weka uso, toa pumzi, simama. Leo ni ile tu.”

Kwa wiki nzima ilikuwa hiyo tu. Wiki ya pili alikumbatia bidon, dumu tupu la njano, ili limweleeze, na kupiga miguu, akitoka upande mmoja mpaka mwingine huku tope likiruka na Papa Evariste akiguna. Habari zilienea. Wanawake waliokuwa wakienda shambani walianza kupitia pale makusudi, wakitua majembe yao dakika tano kuangalia fundi wa kinga akinywa maji ya samaki. Kamate aliwapungia mkono. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu: kila asubuhi alifanya jambo ambalo jana yake alikuwa hawezi.

Wiki ya nne Joséphine alimnyang’anya bidon.

“Lala ku mugongo. Angalia juu. Usipigane na mai, Papa Kamate. Mai haiko na fitina na weye.”

Alilala. Masikio yakajaa, sauti za dunia zikazimika, na kwa mara ya kwanza akahisi mwili wake mzima, kilo themanini na moja, umebebwa bila yeye kushika kitu chochote. Alikaa vile mpaka Joséphine alipomgusa bega. Alipotoka alipanda kinga yake na kwenda mbio kazini akiwa na nywele zenye maji, akitabasamu peke yake barabarani.

Miguu aliifundisha alasiri. Kwa mbio za miguu alikuwa na kocha, na kocha alikuwa Débora. Alipita mbele yake kwenye kinga yake ya mikono, barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, filimbi mdomoni. Kamate akipunguza mwendo, filimbi inalia. Akisimama, Débora anageuza kinga na kumzunguka taratibu.

“Miguu iko inaumia?” aliuliza siku moja.

“Sana.”

“Yangu haiumie hata kidogo. Tukimbie.”

Jumamosi ya mashindano lori liliwashusha Kasenyi asubuhi mapema, washindani ishirini na saba na kinga zao. Kamate alisimama akiliangalia ziwa. Bwawa la Papa Evariste lina ukingo pande zote nne. Hili halikuwa na ukingo wa mbele, na lilikuwa likitembea. Mitumbwi ilijipanga kuonyesha njia: kwenda sambamba na ufuko mita mia nne, kisha kutoka. Anayeshika mtumbwi amejiondoa mwenyewe. Kwenye mtumbwi wa tatu alikaa Mama Joséphine.

Filimbi ya Nathanaël ikalia. Vijana wakajitupa. Kamate aliingia kwa mwendo wake, akaanza kuogelea alivyofundishwa, mkono, mkono, pumzi, na mita mia za mwanzo zilikwenda vizuri mpaka akaanza kujisifu moyoni. Kisha wimbi likamwingia mdomoni. Akakohoa, akatafuta chini kwa miguu, chini hapakuwa na kitu. Akaanza kupiga maji kwa mikono yote miwili. Mtumbwi ulikuwa karibu, ubavu wake mweusi umbali wa mkono, na kidole chake kiliukaribia.

“Papa Kamate.” Joséphine hakupaza sauti. Aliinama tu ukingoni. “Lala. Lala sawa ku étang.”

“Mai iko mingi.”

“Iko mingi, ndiyo. Lala.”

Akalala. Wimbi lililofuata lilimwinua na kumshusha kama mtu anayepitishwa mkono kwa mkono. Aliona anga, jeupe la asubuhi, na ndege mmoja. Akaanza kupiga miguu. Alikwenda mita zote zilizobaki kwa mgongo, bila kuona aendako, na sauti ya Joséphine ikimwelekeza: ku kushoto kidogo, endelea, endelea. Kichwa chake kilipogonga mchanga alidhani amegonga mtumbwi, akaanza kuomba radhi. Alikuwa wa mwisho kutoka majini, na watu wa Kasenyi walimbeba mpaka kwenye kinga yake.

Kuanzia hapo alikuwa kwake. Barabara ya kutoka ziwani inapanda mlima mpaka Bogoro, mawe na vumbi jekundu, na vijana waliokuwa wamemwacha ziwani walianza kuonekana mmoja mmoja, wamesimama, wanasukuma. Kamate aliwapita polepole bila kushuka. Kila aliyempita alimsalimu kwa adabu, na ndani ya kifua chake alikuwa akiimba.

Kwenye kona ya juu alimkuta Serge, karani kijana mwenye kinga mpya ya kung’aa kutoka Uganda, amekaa kando ya njia na cheni iliyokatika mkononi. Serge alikuwa ameahidiwa magodoro kwa ajili ya wodi ya wazazi. Kamate alimpita. Hatua thelathini mbele alibana breki.

“Papa, endelea tu,” Serge alisema alipomwona anarudi. “Utakosa nafasi.”

“Nafasi ya nini? Nilikuwa wa mwisho.” Kamate alitoa koleo mfukoni, akatoa kiungo kibovu, akaunganisha cheni kwa jiwe na msumari. Dakika tisa. Vijana saba walipita. “Usitumie gia ndogo mupaka Bunia. Sasa panda.”

Walipanda pamoja, na baada ya Bogoro, barabara ilipolainika, Serge alimtangulia kwa upepo. Kamate alifika kwenye mlango wa mji akiwa wa kumi na nne. Aliiacha kinga yake, akakanyaga chini, na miguu ikakataa. Ilikuwa migumu kama michi. Alitembea hatua kumi, akajaribu kukimbia, akatembea tena. Halafu barabara ikaanza kujaa watu. Wauzaji wa soko walikuwa wamefunga vibanda. Wanawake wa majembe walikuwepo, wakiita jina lake. Madereva wa pikipiki waliondoa vyombo vyao katikati ya njia na kupiga honi. Kwenye mzunguko kinga ya mikono ikatokea upande wake wa kulia, na Débora hakupuliza filimbi. Alizungusha tu, bega kwa bega naye, akitazama mbele.

Kilometa ya mwisho Kamate hakuihisi miguu kabisa. Alilia alipoingia uwanjani, akiwa wa kumi na saba, na hakujali nani anamwona. Scholastique alimfuta uso kwa kitenge chake, akamwambia ananuka samaki.

Fabrice alitimiza ahadi Jumanne. Mkokoteni uliteremsha tuyau mbele ya karakana mpaka mlango ukashindwa kufunguka, na washindani ishirini na mmoja waliomaliza walileta vya kwao: pneu, rangi, cheni, vitambaa vya kushonea mito ya kukalia. Magodoro ya Serge yalikwisha kufika kwenye wodi.

Kinga ya kwanza ilikuwa ya Adrien, mkulima wa Aveba aliyepoteza mguu mmoja, na wa pili haujiwezi. Alikuja kupimwa akiwa amevaa shati la kanisani. Kamate alipima mabega yake, akapima urefu wa mikono, akachora kwa chaki sakafuni.

“Kiti iwe ya namna hii?”

Adrien aliangalia mchoro kwa makini, akaomba chaki, akaongeza kisanduku kikubwa nyuma ya kiti.

“Gunia moja ya maharagi,” alieleza. “Na fasi ya bibi yangu.”

Kamate alikaa chini kwenye kigoda, akaanza kupiga hesabu upya. Kwa gunia na mke wa Adrien nyuma, chombo kitahitaji mhimili mnene zaidi, na magurudumu ya nyuma yapanuke. Akavaa miwani yake ya giza, akawasha mashine ya kuchomelea.