Mama Alipouma Leso Ufuoni

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Sindo, kijiji chetu cha ziwani, ambayo kila nikiikumbuka humshukuru Mungu upya. Nilikuwa kidato cha pili. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote, na magugumaji yamejaa hadi ufuoni. Baba na kaka yangu Ouko walikuwa wameondoka alfajiri kutoa nyavu.

Mtumbwi wa kwanza uliorudi ulileta habari mbaya. Kijana mmoja, Oludhe, aliruka majini akisema, “Yawa! Kiboko amewagonga kina Ouko. Tumewasikia wakisema mtumbwi unaingiza maji. Tumewatafuta, hatukuwaona.”

Unajua desturi yetu. Mama akapiga nduru. Jirani akaipokea, na wa ng'ambo ya ghuba akaipokea kwake, mpaka ufuo mzima ukawa kilio. Nami nililia. Ndivyo tulivyolelewa: msiba ukibisha hodi, unaitikiwa kwa sauti.

Kisha akaja Mwalimu Prisca, aliyetufundisha sayansi siku za juma na kwaya Jumapili. Alikuwa mpole, lakini siku hiyo alipaza sauti kama anayefukuza ng'ombe shambani. “Nyamazeni! Mnamzika mtu ambaye bado anaita!”

Mama akamgeukia. “Mwalimu, angekuwa mwanao humo, ungenyamaza?”

“Ningenyamaza, mama, ili nimsikie. Nduru inatoka kila upande. Wakiifuata, wataifuata ipi?”

Watu wakatumwa mbio kando ya ghuba kuwanyamazisha wengine. Mwalimu akaniambia nichovye kasia majini, kisha nibane sikio langu kwenye mpini wake.

Oludhe akacheka kwa uchungu. “Mwalimu, sasa samaki ndio watatuambia?”

“Maji yatatuambia,” akasema. “Wewe funga mdomo.”

Mwanzoni sikusikia kitu ila moyo wangu. Kisha, mbali sana, nikasikia ko, ko, ko. Kopo la kuchotea maji lilikuwa likigonga ubao wa mtumbwi. Hewani hapakuwa na sauti hiyo kabisa. Nikasema, “Wako hai,” na hakuna aliyethubutu kushangilia.

Hapo Mwalimu akampa mama nyundo, akampeleka kwenye ringi ya lori iliyoning'inia kanisani, hatua chache kutoka majini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Akamwambia apige mara tatu, anyamaze, apige tena, mahali pale pale, bila kuharakisha. Mama akauma pindo la leso yake ili kilio kisimtoke, akaanza kupiga. Oludhe na mwenzake wakaingia ziwani tena, wakisimamisha makasia kila mama aliponyamaza ili wasikilize kopo. Kopo likawa linajibu. Kisha likakoma.

Nikamtazama Mwalimu nikitikisa kichwa. Yeye akamtazama mama tu, akasema, “Endelea.” Mama akaendelea. Bandu bandu huisha gogo.

Baadaye Mwalimu alinieleza. Sauti haibebi hewa kutoka huku ikaipeleka kule. Alinikumbusha tulivyojenga kanisa, tukipokezana karai za zege. Karai ilifika juu, lakini kila mtu alibaki mahali pake. Ndivyo chembe za hewa zinavyosukumana: moja humsukuma jirani yake, kisha hurudi mahali pake. Katika maji chembe zimebanana na hazikubali kuminywa kwa urahisi, basi msukumo hupita kwa kasi zaidi ya mara nne ya ile ya hewani, na hufika mbali. Niliposikia hayo nilimsifu Muumba, aliyeweka njia hata pale jicho lisipoona.

Kopo lilikuwa limekoma kwa sababu Oludhe alikuwa amewafikia. Walitoka ukunguni pamoja, Baba na Ouko wakiwa hai, wakivuta mtumbwi uliojaa maji hadi magotini. Mama hakuwaona. Alikuwa amefumba macho, bado anapiga, mpaka Ouko alipomshika mkono. “Mama, basi. Tumefika.”

Leso ikamtoka mdomoni. Akamtazama Mwalimu kama mtoto anayeomba ruhusa.

“Sasa piga nduru, mama,” Mwalimu akasema. “Piga mpaka watu wa mji wa Mbita wasikie.”

Wahenga walisema, kuambiana kupo, kusikilizana hapana. Siku hizi nduru zenu ziko kwenye simu. Mwenzenu akiyumba kidogo, mmeshaandika “pumzika kwa amani” kabla hajazama. Nawaomba, wanangu: rafiki akipotea, nyamazeni kwanza mumsikie. Mkishamsikia, mwiteni kwa sauti moja, kutoka mahali pamoja, ili ajue pa kurudi. Na jibu likikoma, msiweke nyundo chini. Huenda ameshafikiwa, nanyi hamjaona bado.

Mungu aliyesikia kopo chini ya ukungu akupe sikio tulivu na mkono usiochoka, na siku utakapopotea wewe, asikosekane mtu wa kukupigia ringi.