Siku Mama Alipompokea Mtu wa Msaada

Orodha ya kwanza ya msaada ilikuwa ya wakimbizi wa vita, na sisi hatukukimbia popote. Ya pili ilikuwa ya wajane. Mume wangu hajafa, yuko Shabunda anachimba dhahabu, au ndivyo ninavyotumaini, maana habari zake zilikatika. Mimi ni mwalimu, ila mshahara ulikwama tangu benki zilipofunga milango. Kwa hiyo tulipoambiwa kuna orodha ya tatu, msaada wa miezi mitatu kwa waliosahauliwa na orodha zote, na kwamba mtu atapita nyumba kwa nyumba huku mtaani kwetu Kadutu ajionee mwenyewe, nilimwomba Mungu kama kichaa.

Mama yangu, ninayeishi naye, alisikia neno moja tu: mgeni. Asubuhi ya siku mtu huyo aliyotarajiwa, nilimkuta ameazima viti vinne na thermos ya chai kwa jirani, ametandika vitambaa vyake vya kufuma, amevaa kikwembe, kitenge chake cha Jumapili. Sukari ya mwisho, ya uji wa watoto, ilikuwa tayari kwenye chai. Nilitaka kupiga kelele, lakini hodi ilikuwa imeshabishwa.

Mtu wa msaada alikaa, akanywa, akatazama vitambaa.

“Maman, munakulaka mara ngapi ku siku?”

“Aa, papa, Mungu anatusaidiaka,” mama akajibu kwa tabasamu. “Tunakulaka tu muzuri.”

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Katika chumba cha pili, watoto wangu watatu walikuwa bado kitandani saa nne ya asubuhi, kwa sababu niliwakataza kucheza ili njaa isiwazidi.

“Papa, usiandike ile!” nilisema. “Hii viti iko ya jirani. Batoto habayakula tangu jana.”

Nikaleta sufuria, nikaifunua mbele yake. Ilikuwa tupu, kavu, imesuguliwa vizuri.

Mama aliinama akaanza kunyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari. Nilimhurumia, na hasira haikuniisha. Yule mtu alikata alichoandika, akaandika upya, akaondoka bila kumaliza chai.

Tuliandikwa. Unga, maharage na mafuta vilikuja miezi yote mitatu, na watoto wakarudi kucheza uani. Mama alipika kila siku. Ila mpaka leo, mtu akibisha hodi, yeye huingia chumbani na kuniachia mimi nimpokee.