Zamu ya Mtu wa Maore

Mjukuu wangu alipofungua mfuko wa gitaa lake jana, pale chuo kikuu Moroni, harufu ya mafuta ya karafuu ilinifikia nilipokaa. Wapigaji ni watatu, hawana karatasi. Kila mmoja zamu yake ikifika hutunga papo hapo. Wangu ndiye bora, wengine wanisamehe.

Baba yangu naye alilipaka gitaa lake karafuu, wadudu wasile mbao. Alipiga barazani kwetu Mutsamudu na wenzake wawili, mmoja wa Moroni, mmoja wa Maore. Kisiwa cha Maore kilipojitenga na visiwa vyetu, mwenzao wa huko alikuwa amekwenda kwao kumjulia hali mama yake. Hakurudi. Waliobaki wakaendelea kupiga, na zamu yake ikifika walinyamaza, wakagonga miguu tu mpaka ipite. Kigoda chake nilikilinda mimi.

Siku moja kimya kile kilinishinda, nikaimba. Baba akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka karafuu.

“Nyamaza, mwanangu. Hapo pana mwenyewe.”

“Atarudi lini?”

Yule wa Moroni akacheka, macho chini. “Wewe bibi mdogo, ukimjazia nafasi yake, akija atapiga wapi?”

Baba alikufa anangoja.

Jana mmoja wa vijana alinyamaza kidogo, watu wakadhani amemaliza, wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kiti cha pembeni yangu nilikuwa nimekiwekea mkoba tangu mwanzo, na kila aliyeuliza nilimwambia kina mtu.